Naomie Ni Nani?

Mbele ya geti la hospitali moja ya Dilala, pale taxi-moto zinapogeuzia, kuna benchi la kipande cha mpira mnene uliokuwa ukibeba mawe ya kampuni ya zamani, kimefungwa juu ya vyuma viwili. Wenye wagonjwa hukaa pale, na wasio na mgonjwa hukaa zaidi. Mama Mbombo anauza kahawa ya tangawizi na mikate ya mafuta, na kwa kila glasi anaongeza ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kila mtu pale ana jina la benchi. Ministre aliandika barua za wakubwa miaka thelathini, na mpaka leo akiongea utadhani anasoma barua. Vitesse ni motard ambaye pikipiki yake inalala gereji kuliko inavyotembea. Na asubuhi ile alikuwepo Ezéchiel, sekretari wa kooperative ya wachimbaji, anayeitwa Tampon kwa sababu muhuri wa kooperative hautoki mfukoni mwake, hata kanisani. Pembeni kabisa alikaa Donatien. Ilikuwa siku yake ya tatu, na benchi lilikuwa bado halijampa jina.

Donatien hakuwa na hamu ya jina jingine, maana yale aliyokuwa nayo kichwani yalimtosha. Mwenzake wa shimoni, Gradi, alikuwa amelazwa ndani, lakini kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa ya hospitali, hapakuwa na Gradi. Palikuwa na Blanchard Kabemba. Blanchard alikwenda Tenke kuuza samaki, akaacha kadi yake ya kooperative kama mtu anavyomwachia jirani sufuria, na Gradi, ambaye hakuwahi kupata kadi, akawa anaitumia. Hospitali inapokea wachimbaji wenye kadi. Kila mtu shimoni anajua kwamba kadi zinaazimwa, isipokuwa Tampon, ambaye kazi yake ni kutojua mpaka atakapojua. Basi Jumatatu ukuta wa shimo ulipomwangukia Gradi, Donatien alimleta kama Blanchard, na yeye mwenyewe akajiandikisha kuwa kaka yake. Mguu uliovunjika ulitengenezwa siku ile ile kwa sindano ya mgongoni, mgonjwa akiwa macho. Lakini sasa tumbo lilikuwa limekuwa gumu kama ubao, homa imepanda, na daktari alisema utumbo umetoboka. Lazima wamfungue, na safari hii lazima alazwe usingizi kabisa.

— Kupasula si kitu, Vitesse alikuwa anasema. Kulalisha njo mambo. Mutu mwenye kuzobelea lutuku, dawa inaingia mu damu, inasema: ah, huyu ni wa kwetu. Inapita. Banamupasula na yeye anaangalia.

— Ndugu yako anakunywaka pombe? Mama Mbombo alimwuliza Donatien.

— Kidogo, mama.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Ministre kwa sauti ya kutangaza msiba.

— Weye, Ministre, usimutishe mutu.

— Mi simutishe, ninaeleza. Lutuku si kitu. Ni kobalti. Creuseur, mutu wa shimo, anakula vumbi ya kobalti miaka na miaka. Bon. Banafungua gaz ya kulalisha, gaz inakutana na kobalti mu mapafu. Batri ya motokari banatengenezaka na nini? Na kobalti. Donc mutu anakuwa batri.

— Anachaji? aliuliza Vitesse.

— Anachaji. Njo maana bengine banapata moto juu ya meza mpaka banakufa.

Donatien akaiweka glasi yake chini.

— Moto ya namna gani, tata?

— Moto. Mwili inawaka. Infirmier moja wa zamani wa hospitali alinielezeaka: mutu aliingia muzima, alitoka amekauka kama reli.

Ministre aliridhika sana kupata msikilizaji, akaendelea na mambo ya batri. Donatien hakumsikia tena. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo Gradi alimwambia mara moja tu, siku ya mvua, walipokuwa wamejibanza chini ya turubai wakingoja maji yapungue. Kwao Kasaji alikuwa na dada mkubwa, Naomie. Naomie alipelekwa kupasuliwa kidole cha tumbo, jambo dogo la watu wa kila siku. Alilala, hakuamka. Taya lilijifunga, mikono ikakakamaa, na akina mama waliomwosha walikuwa wanarudisha mikono yao kwa joto. Familia ilikaa, ikasema ni mjomba aliyemroga. Mjomba akafukuzwa, akaondoka na baiskeli yake, wala hakuonekana tena. Donatien alilisikia kama habari ya uchawi, na uchawi hauandikwi kwenye fishi.

Na jana jioni aliulizwa. Mwenye kulalisha wagonjwa, mama Angèle Tshibola, alimwuliza wazi: katika familia yenu kuna mtu aliyepata shida alipolazwa usingizi? Tampon alikuwa amesimama hapo hapo, muhuri mkononi. Donatien akajibu kama kaka wa Blanchard anavyopaswa kujibu: kwetu ni wavulana tupu, wote wazima, hakuna aliyewahi kupasuliwa. Alijibia familia ya kadi. Alikuwa amevaa uongo wake vizuri kiasi kwamba hata hakuona kuwa ameulizwa habari ya damu ya Gradi.

— Moto ya vile haina kobalti, Mama Mbombo alikuwa amepokea zamu. Ni mutu wa famille. Roho inatokaka kutembea wakati ya usingizi, yeye anafunga mulango. Roho inarudia, inakuta kufuli, inaanza kuwaka.

Vitesse akakohoa, akajificha uso ndani ya kofia.

— Weye kohoa muzuri, baba. Mwenye kuficha ugonjwa, kifo itamusemea.

— Ni vumbi tu, mama.

Methali ilimlenga Vitesse na kikohozi chake cha barabarani, lakini iliyemwuma ni Donatien. Alijisogeza kwenye benchi.

— Munasema bure, alisema Tampon, ambaye mpaka hapo alikuwa anakunywa tu. Batu banakufaka juu ya papiers mubaya. Mi niliona. Mutu mwenye fishi yake iko en règle, sawasawa, analala en règle, analamuka en règle. Huyu Blanchard ni membre namba kumi na ine. Nilimupigia tampon mi mwenyewe. Atalamuka.

Akampigapiga Donatien begani. Donatien aliogopa, na aliogopa mara mbili. Akisema, Tampon ataifuta kadi, na huenda Gradi akatolewa getini na tumbo lake vile vile. Asiposema, labda si kitu; labda Ministre ni mlevi wa maneno kama kawaida, na labda mjomba wa Kasaji alikuwa mchawi kweli. Akajiambia angoje kidogo. Mtu mwoga hakosi sababu ya kungoja.

Geti likafunguka. Angèle akatoka na nguo za kijani na kofia ya salle ya kupasulia, akaja moja kwa moja benchini bila kusalimu mtu, na huko kwetu asiyesalimu ana jambo.

— Naomie ni nani?

Benchi likafanya kazi yake.

— Ni bibi ya pili, alisema Vitesse.

— Ni mwenye kumufungia mulango, alisema Mama Mbombo.

— Kila ndege huruka na bawa lake, alisema Ministre, na hakuna aliyejua alimaanisha nini, hata yeye.

— Sina wakati, Angèle aliwakata. Tata Donatien. Jana mulinielezea, kwenu ni bavulana tu. Leo ninaita "Blanchard", mugonjwa hageuke hata jicho. Mais analia: Naomie, usilale. Naomie, usilale. Meza iko tayari, docteur anangoja. Mi simulalishe mutu mwenye kunililia vile mbele sijajua. Naomie ni nani?

Donatien akamtazama Tampon. Tampon naye alikuwa anamtazama, glasi imesimama njiani kwenda mdomoni.

— Mama, alisema Donatien, akiacha kumtazama Tampon. Mama, haina Blanchard. Anaitwa Gradi. Blanchard iko Tenke. Mi siko kaka yake. Naomie ni dada yake, alikufa kule Kasaji, juu ya meza kama hii yenu.

— Alikufa namna gani?

— Banasema bulozi.

— Siulize banasema nini. Mwili ilikuwa namna gani?

— Moto, mama. Moto ya kurudisha mukono. Na taya ilijifunga. Alikauka.

— Alikuwa na homa mbele ya kumulalisha?

— Hapana. Aliingia na miguu yake.

— Baba moja, mama moja?

— Moja.

Angèle akashika ukingo wa benchi. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

— Kuko famille chache sana, chache kabisa, zinazaliwaka vile. Gaz yetu, na ile sindano ya kulegeza misuli, kwetu sisi ni dawa. Kwabo ni moto. Inawaka ndani ya misuli, na dawa ya kuizima, hapa hatuna. Na huyu ana homa tayari. Moto ile ingeanza, ningesema ni ya tumbo. Ningejua wakati amekwisha kufa.

— Sasa mutafanya nini? aliuliza Donatien.

— Nitafunga mashini yote ya gaz, hata mipira yake ya kupumulia sitamutia. Kuko ketamine. Ni dawa ya zamani ya kulalisha, tunaitumia kila siku, haitamufanya ile kitu. Kazi itakuwa nguvu zaidi kwetu, mais atapumua. Angèle akamkazia macho. Jana ningejua, nisingekuwa ninatetemeka sasa.

Akageuka kwenda. Donatien akamfuata hatua mbili.

— Mama, basi mujomba yake, ule balimufukuza...

Geti lilikuwa limeshafungwa.

Tampon akaweka glasi chini, akanyoosha mkono, kiganja wazi. Donatien akatoa kadi yake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, ile yenye jina lake la haki, ile inayomfungulia kizuizi cha machimbo kila alfajiri, akaiweka pale.

— Na ya Blanchard?

— Iko ndani, mu fishi.

— Tampon, alisema Vitesse, hata mulozi anangojaka mutu atoke mu salle.

— Mi ninafanya kazi yangu. Mama, ongeza kahawa.

— Imekwisha, alisema Mama Mbombo, huku chupa yake imejaa mpaka kizibo.

Wakangoja. Ministre hakuwa na nadharia. Vitesse aliitwa mara mbili na abiria, akakataa mara mbili, jambo ambalo halijawahi kuonekana Dilala. Donatien aliomba Mungu, kwa Kifaransa cha katekisimu, kisha kwa Kiluba cha nyumbani, halafu akakaa tu akiangalia geti. Kila mara lilipofunguka aliinuka nusu. Alitoka mama na beseni, akatoka mlinzi, akatoka mtu na magongo. Jua likapanda ukutani, mpira wa benchi ukaanza kuchoma mapaja, na hakuna aliyehama.

Angèle alipotoka tena, kofia ilikuwa mkononi, na nywele zake zimelowa jasho. Safari hii alisalimu.

— Mulishindaje? Huyu wenu ametoka. Analamuka polepole, anasema mambo ya ovyo, ni ile dawa inafanyaka vile. Moto ya dada yake haikuja.

Donatien akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia mbele ya watu wote, na benchi likapata adabu ya kutazama barabara.

— Tusifurahi sana, Angèle akaendelea. Mu tumbo kulikuwa uchafu mingi. Ijumaa tutafungua tena kusafisha. Na fishi ya Blanchard nimeipasua. Ninatengeneza ingine.

— Kooperative haimujue huyu mutu, alisema Tampon.

— Mi ninamujua. Kwa leo inatosha. Angèle akakaa pembeni ya Donatien, fishi mpya juu ya goti. Jina?

— Gradi Kabongo. Wa Kasaji.

Akaandika. Chini yake akaandika kwa bic nyekundu, kwa herufi kubwa, kwamba mtu huyu asipewe gaz wala ile sindano, leo wala kesho, hospitali yoyote. Kisha bic ikasimama.

— Kwa Ijumaa lazima mutu atie sahihi. Weye ni nani yake?

Donatien akaangalia nafasi iliyo tupu.

— Andika ndugu, Vitesse alimsaidia.

— Ndugu niliandika jana, alisema Angèle.

— Andika rafiki.

— Hapa kuko baba, mama, bibi, ndugu, mutoto. Nafasi ya rafiki hakuna.

Ministre, aliyeandika karatasi za wakubwa miaka thelathini, akatazama fishi, akatikisa kichwa. Mama Mbombo akatazama chini. Hata Tampon alikuwa anangoja jibu, kadi ya Donatien mkononi.

— Akishukaka mu shimo, mi ninabakia juu, alisema Donatien. Mi njo ninashikaka kamba yake.

Angèle alifikiri kidogo. Kisha akakata mstari juu ya baba, mama, bibi, ndugu na mtoto, akaandika pembeni: mwenye kushika kamba. Akamgeuzia fishi. Donatien akalisoma kwanza jina la Gradi, herufi moja moja, akahakikisha ni lake, ndipo akaandika la kwake.