Nafasi Kumi na Tano za Renita

Nje ya duka la kinyozi, upande wa mashariki wa Cleveland, lipo benchi ambalo kila Jumamosi asubuhi lina wenyewe. Odell Pruitt wanamwita Machela, maana alisukuma machela hospitalini miaka thelathini na moja. Tarumbeta aliwahi kupiga tarumbeta bendini, na hakuna anayeruhusiwa kulisahau hilo. Kamati yumo katika kila kamati ya kanisa. Jumamosi hiyo ya Mei, Renita, mjukuu wa Machela, alikaa nao, kompyuta mapajani na uso umemshuka. Alikuwa anaomba chuo cha udaktari. Fomu ilikuwa na nafasi kumi na tano za shughuli za nje ya masomo, naye alikuwa amejaza sita.

— Sita tu? Kamati alishtuka. Wenzako wanajaza mpaka pembeni, binti.

— Mwenzangu mmoja kaanzisha shirika zima, Kamati. Mimi nimejitolea zahanati, nimefanya maabara, basi.

— Anzisha bendi ya wagonjwa, alisema Tarumbeta. Wenye pumu wapulize, mapafu yafunguke!

— Utaua watu wewe!

— Na wewe je? Utampa kamati ya kuchagua mapazia?

— Nitampa uenyekiti! Mwenyekiti wa kamati saba hakataliwi popote. Kisha afuge nyuki juu ya paa la hospitali. Asali kwa vidonda. Magazeti yatakuja yenyewe.

Machela alicheka.

— Mnamkumbuka Dakta Tolliver? Alikuwa anakuja nyumbani na viatu vya theluji, anakula mkate wa mahindi jikoni, ndipo anakupima. Nani alimuuliza yumo klabu gani?

— Siku hizo zimekwenda, Machela, alisema Tarumbeta.

— Zimekwenda, ndiyo.

Bi Delphine, mpeleka barua wa mtaa, alitua mkoba wake na kuchungulia kioo cha kompyuta.

— Mbona marehemu Earlene simwoni humu? Miaka miwili ya ugonjwa wake naleta barua, Renita, wewe ndiye unafungua mlango, mikono imelowa sabuni.

— Bibi hakuwa shughuli, Bi Delphine. Alikuwa bibi yangu.

— Najua, mwanangu. Andika.

Renita alimtazama babu yake. Machela alitikisa kichwa kukubali. Binti akaandika polepole: kumtunza bibi yangu, Earlene Pruitt, nyumbani.

— Hapa wanataka saa, alisema Bi Delphine. Zilikuwa ngapi kwa wiki?

Machela alianza kuhesabu kichwani. Akamwona tena Renita wa siku zile, kakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, anamsugua bibi yake mgongo huku akiimba vibaya makusudi, na Earlene anacheka mpaka anasahau maumivu ya magoti yake.

Tarumbeta alimtazama Kamati. Kamati alitazama kahawa yake. Saa za namna hiyo hakuna aliyewahi kuzihesabu; Renita aliiacha nafasi hiyo wazi.