Nyota za Begani

Basi la kutoka Spring Valley lilikuwa likiteremka mjini, na Wahu, kwenye kiti cha nyuma, alisikia kila neno. Mbele yake mzee Oloo, dobi wa mkubwa mmoja wa polisi, alikuwa akimsifu Mzungu wake kwa jirani wa kiti asiyemjua.

"Nyota zake nazing'arisha mimi, kwa Brasso. Alikuja na mbili. Ya tatu alipewa kwa ule msako wa Aprili hamsini na nne. Leo ana taji begani, cheo kipitacho nyota!"

"Kwa msako huo nilikaa kizuizini miaka mitatu," akasema jirani. "Nimetoka juzi."

Oloo akavitazama vidole vyake vilivyoingia weusi wa Brasso. "Mimi ni kazi tu, ndugu yangu."

"Huyo Mzungu wako pia aliniambia hivyo, siku aliponikamata."

Basi likasimama kwenye kituo cha njiani. Oloo akashuka, ingawa Wahu alimsikia akikata tikiti ya kufika mjini.