Mlinzi wa Geti la Baghdad

Katika basi la Mabela, hapa Muscat, mzee mmoja mwenye lafudhi ya Unguja alizima habari za vita kwenye simu, akamwambia msichana wa Kiganda aliyekaa jirani yake kwamba angalau Iraq majeshi ya Magharibi yaliikomboa.

“Kaka yangu Ukasha alilinda geti la kambi yao Baghdad,” msichana akajibu. “Bomu lilimkata miguu yote miwili. Walipohesabu majeruhi wao wakamwacha, eti yeye si askari.”

Mzee akashika tasbihi yake. “Pole, mwanangu. Nnaamini Mwenyezi Mungu atamlipa.”

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niseme amina.

“Mzee wangu,” msichana akasema, “Mungu siye aliyemwajiri.”

Basi likasimama. Amina yangu nikashuka nayo mdomoni.