Uwanja wa Chini, na Maisha ya Mwalimu Dorah Nyakerario

Baba Paroko, masista, walimu, wazazi wa Shule ya Msingi ya Mtakatifu Marta, majirani wa Ragwe na ninyi mliotoka Homa Bay kabla jua halijachomoza, anayesimama hapa kwa niaba ya familia ni Gordon Onsongo Angwenyi, ndugu mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule hiyo, na familia imekubali aanze na kosa lake kabla ya tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu akianza na tarehe ya kuzaliwa mtamsikiliza kama mtu safi, na yeye si mtu safi. Siku ya Ijumaa tarehe 13 Juni mwaka huu wa 2025, saa tisa na nusu, bendera ikishushwa, dada yake akiwa ametoka tu kuwasomea watoto matangazo ya wiki, Gordon alisimama mbele ya wanafunzi mia tatu na kumi akawaambia, "Yote mliyosikia mpeleke nyumbani, isipokuwa ile ya uwanja, hiyo msiseme, hiyo tutaongea sisi wakubwa." Watoto walitii. Dada yake alikuwa hatua mbili kutoka kwake, daftari mkononi, na hakumjibu mbele ya watoto, kwa sababu alikuwa na heshima ambayo ndugu yake hakuwa nayo.

Mwalimu Dorah Nyakerario Angwenyi alizaliwa tarehe 3 Septemba 1971 mjini Homa Bay, kifungua mimba wa Mzee Maranga Angwenyi na Mama Bosibori, ambao wote wametangulia, watu waliotoka Kisii na magunia mawili ya ndizi wakaona soko ni zuri wakakaa. Kwa kuwa alikulia kati ya wauza samaki, Dorah aliongea Kijaluo kabla ya lugha nyingine yoyote, na Kikisii chake kilikuwa na sauti ya ziwa mpaka shangazi zake wakija Krismasi wanamcheka, wanasema huyu tayari tumemtoa kwa Wajaluo bila hata ng'ombe mmoja. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 2 Aprili 1972, akapokea Komunyo ya kwanza mwaka 1981, na miaka hiyo ndiyo alimbeba Gordon mgongoni sokoni, kitambaa kimefungwa kifuani, huku akijibu wateja wa ndizi.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1978, akamaliza 1985, akasoma sekondari kuanzia 1986 hadi 1989, na kuanzia 1991 hadi 1993 alikuwa chuo cha ualimu, ambako alipata cheti cha P1 cha kufundisha shule za msingi. Gordon aliachia masomo kidato cha pili, kwa sababu Mzee alikuwa na nguvu ya kusomesha mmoja na yule mwenye alama alikuwa Dorah, na katika maisha yake yote dada huyu hakuwahi kumkumbusha jambo hilo, hata walipokosana.

Kazi aliianza Januari 1994 huko Muhuru Bay, na ni huko alikopata ule mtindo wake ambao nyote mnaujua. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa akiandika barua kwa wazazi, watoto wanazibeba, halafu Dorah akienda sokoni jioni anazikuta barua zile zimefungia omena, wale dagaa wa ziwani, mkutano wa wazazi umelowa mafuta, siku ya kufunga shule imepasuka katikati. Akaacha karatasi. Kila Ijumaa alisoma matangazo kwa sauti, kila jambo mara mbili, watoto wanajibu kwa pamoja, na sheria ilikuwa moja, kwamba mtoto hali chakula cha jioni kabla hajasema yote nyumbani. Alipohamishiwa Mtakatifu Marta hapa Ragwe, Januari 2003, alikuja na mtindo huo, na kwa miaka ishirini na miwili wazazi wa hapa wamejua siku ya dawa ya minyoo, siku ya mahindi ya uji, mafundisho ya Komunyo, rozari ya Oktoba, mashindano ya kwaya ya Rongo na zawadi za mwisho wa mwaka kwa midomo ya watoto wao. Dada Filister Adero, ambaye ni jirani na ana msichana darasa la tatu, amesema kwamba yeye hajui kusoma lakini hajawahi kukosa mkutano hata mmoja.

Tarehe 16 Novemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Bwana Nashon Opado, fundi wa mashua wa Muhuru Bay, ambaye mnamwona ameketi pale mbele, na Mungu akawapa mabinti wawili, Sheila, aliyezaliwa 1997 na ana duka la vitambaa Rongo, na Monicah, aliyezaliwa 2001 na anasomea ualimu kama mama yake, pia mjukuu mmoja, Liz, mwenye miaka minne. Nashon ameomba isemwe kwamba katika miaka ishirini na minane mke wake alimkemea kila siku na hakumchosha hata siku moja.

Sasa tunafika mahali ambapo historia za marehemu huwa zinasema aliugua kwa muda mfupi. Dorah hakuugua. Shamba la Gordon, ambalo Mzee alilinunua hapa akamwachia, limepakana na uwanja wa chini wa shule, ule wa mpira, na mwaka 2023, dhahabu ilipoanza kusemwa upande huu kama inavyosemwa Osiri, yeye aliruhusu kikundi cha vijana wachimbe shimo karibu na ua wa shule, wakakubaliana kwamba kwa kila magunia kumi ya mawe moja ni lake. Hakuuliza shimo litaelekea wapi likifika chini. Dada yake alimuuliza, na yeye akamjibu kwamba ardhi ni ya baba yetu na chini yake pia ni ya baba yetu.

Jumatatu tarehe 26 Mei, kiongozi wa wachimbaji, kijana wa Ntimaru anayeitwa Matiko, alifika kwa Gordon asubuhi akiwa bado na tope, akasema, "Mzee, tumepita mpaka wa shamba lako. Tukiwa kule chini tunasikia watoto wakiruka, na mchanga unatuangukia kichwani." Gordon alimwambia ageuze upande mwingine na afunge mdomo. Matiko aligeuza, hilo alifanya siku ile ile, lakini mdomo hakuufunga, alienda moja kwa moja hadi darasa la nne akamwita Mwalimu nje, na Mwalimu akashuka naye uwanjani, akapiga ardhi kwa kisigino karibu na goli la upande wa mto, akasikia vile inavyolia.

Kuanzia siku hiyo hakupumzika, na familia inataka ijulikane alienda wapi na alijibiwa nini. Alienda kwa mwalimu mkuu, akaambiwa, "Madam, jubilei ya miaka hamsini ya shule imebaki wiki nane, na ni pale pale uwanjani, unataka nimwambie Askofu akae juu ya mti?" Alienda kwa ofisi inayohusika na migodi, akaja afisa na gari, akapiga picha tatu, akanywa chai ya masista, akasema atarudi, na mpaka leo anarudi. Tarehe 4 Juni aliingia katika kamati yetu, watu kumi na mmoja, watu wa Kanisa wote, mbele ya msalaba, akasema chini ya uwanja ni tupu na watoto wasikanyage pale, na mmoja wetu akasema, "Mwalimu ameanza kuogopa fuko," na kamati ikacheka, na aliyecheka zaidi alikuwa mwenyekiti, kwa sababu alijua ni kweli na kicheko kilimsaidia. Kila mtu alikuwa na neno moja tu, ngoja jubilei ipite. Fundi wa hema, ngoja jubilei ipite. Mwalimu wa ngoma, ngoja jubilei ipite. Basi Mwalimu akafanya kile alichojua kufanya, akaweka uwanja katika matangazo ya Ijumaa, na hilo lililotokea Ijumaa mmeshalisikia.

Jioni ile alikuja nyumbani kwa Gordon, hakukaa, alisimama mlangoni akasema, "Nilikubeba mgongoni, leo umenifunga mdomo mbele ya watoto wangu. Wewe unakula Mwili wa Kristo kwa kinywa gani?" Gordon akamwambia, "Dada, usinisomee mahubiri, umeshakuwa padri?" Jumapili iliyofuata Gordon alipokea Komunyo kama kawaida, benchi ya pili, na baada ya Misa alisoma tangazo la michango ya jubilei.

Jumanne tarehe 24 Juni, baada ya mvua ya siku tatu, watoto themanini na wawili walipelekwa uwanja wa chini kufanya mazoezi ya ngoma ya kumpokea Askofu, na wazazi wao hawakujua lolote la kuwafanya wakatae, kwa sababu watoto walikuwa wameambiwa wasiseme. Mwalimu Dorah aliwaona kupitia dirisha la darasa la nne. Alishuka na kamba ya nailoni na vijiti vinne, mwalimu wa ngoma akamwambia, "Madam, tupatie dakika kumi tu," yeye akawaita watoto kwa ile sauti ya matangazo, nao wakamfuata wote hadi kanisani, msichana wa Filister akiwa wa mwisho. Akawahesabu mlangoni. Kisha akarudi peke yake kufunga kamba, ili mtu asiwarudishe pale akigeuka. Kijiti cha kwanza kiliingia, cha pili kiliingia, na alipokuwa anapiga cha tatu ardhi ikaondoka chini yake, akaanguka kimo cha kama watu watatu waliosimama juu ya mabega.

Waliomfikia ni Matiko na wenzake, wakimwendea kutoka chini, na njia ilikuwa moja, kwa hiyo Mwalimu Dorah Nyakerario alitolewa kupitia shimo lililo katika shamba la ndugu yake, na ndugu yake alikuwa amesimama pale mdomoni mwa shimo alipotokea. Alipelekwa hospitali mjini Migori jioni hiyo, uti wa mgongo umeumia na nyonga imevunjika, na tarehe 27 Juni akahamishiwa Homa Bay. Kila asubuhi alikuwa akiuliza kama uwanja umefungwa. Gordon alimwambia umefungwa. Haukuwa umefungwa, na hilo ni kosa lake lingine, amelipeleka kwa padri, lakini ameona alilete na kwenu. Tarehe 5 Julai alipakwa mafuta matakatifu, na Jumapili tarehe 6 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, Nashon akiwa amemshika mkono, alifariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Tangu siku hiyo watu wengi wamekuja kwa familia na kusema ni mapenzi ya Mungu. Tunawaomba muache. Mungu hakuchimba pale. Aliyeruhusu kuchimbwa ana jina, na anawasomea, na waliocheka wana majina, na wameketi katika hema hili na vitambaa vyeusi mkononi. Jumatatu wiki hii kamati imekaa tena, imeamua kwamba jubilei itaendelea tarehe 26 Julai palepale uwanja wa chini, hema likisogezwa hatua thelathini, na kwamba kutakuwa na dakika moja ya kunyamaza kwa heshima ya marehemu. Familia haitaki dakika hiyo. Mwalimu alinyamazishwa vya kutosha akiwa hai. Picha yake mliyoweka kwenye ratiba muitoe, na Gordon Onsongo, kuanzia leo, si mwenyekiti wenu tena, na lile shimo lake amelizuia kwa magogo na hakuna jiwe litakalotoka tena pale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Migori na Homa Bay waliomhudumia usiku na mchana, Baba Paroko aliyemletea sakramenti mara tatu, masista waliopika, walimu wenzake wa darasa la nne na la tatu, Dada Filister aliyelala hospitalini siku tano bila kuombwa, akina mama wa Muhuru Bay waliokuja na samaki na machozi, na Matiko na vijana wake, ambao wengine wenu mmewaita wezi, na ambao peke yao walisema ukweli mapema na wakaingia chini wakati sisi tumesimama juu tukipiga simu.

Nyakerario, dada yetu, umefanya kazi yako na umewafikisha watoto wote mlangoni, sasa lala, pumzika kwa amani kwa Yule ambaye hatakuambia ungoje.

Kwenu mliobaki familia ina ombi moja. Matiko ametupimia, njia ile ya chini ina urefu wa hatua arobaini na tano, ataifungua kutoka juu, na kuna mawe mengi yaliyosagwa kwenye shamba la Gordon ya kuijaza. Kesho ni Jumamosi, hakuna kazi kubwa kuliko hii. Tunaomba kila mzazi wa Mtakatifu Marta, na kila mwanakamati, aje saa mbili asubuhi na sepeto au toroli, na watoto muwaache nyumbani.