Padre Ansbert Namkoko, Aliyekataa Kiti cha Mjomba Wake

Marehemu Padre Ansbert Namkoko alizaliwa Nyangao, Lindi, tarehe 14 Agosti 1904. Mama yake alikuwa dada wa Mwenye Nammanga, mtawala wa ukoo wetu. Kwa kuwa kwetu mpwa ndiye mrithi, alizaliwa kiti kikimngojea.

Aliingia shule ya misheni, Ndanda, mwaka 1913. Vita vikamkatisha, akaendelea baadaye hadi seminari ya Peramiho. Mjomba alimruhusu kwa sharti kwamba atarudi kutawala. Aliahidi. Lakini mwezi Desemba 1936 alipewa upadre, na ahadi ile ikamsumbua siku zote.

Hakuoa. Mwaka 1941 alitumwa Temeke kuwahudumia watu wa kusini waliokuwa makuli bandarini. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Akishafunga kanisa na kupanda baiskeli kwenda Kurasini, hugeuka njiani kurudi kuutikisa mlango, hata mara tatu. Mzee Bandali, mwenye duka lililo mkabala, alizoea kumwambia, "Padre, umefunga. Nimekuona mie mwenyewe." Hapo ndipo alipokwenda zake.

Mwenye Nammanga alifariki mwaka 1948. Wazee wakaja Temeke kumchukua Padre akakalie kiti. Alikataa. Wakamtaka basi ataje mpwa, maana Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa anadai jina. Albano, mwana wa dada yake mkubwa, marehemu Bernadeta, ndiye aliyestahili kwa umri, ila alikuwa mwepesi wa fimbo. Padre alifunga siku mbili, kisha akamtaja mdogo, Marselino, mwana wa dada yake mwingine, Demetria. Ndiye mimi ninayesoma.

Albano alihamia Kurasini, akapata kazi bandarini. Hakumwamkia tena mjomba wake. Kila wiki Padre alipita mbele ya nyumba yake, akipunguza mwendo, asithubutu kubisha hodi. Mara nyingi aliniandikia akiuliza kama watu wananitii, na kama ninawaonea. Nilijua anauliza kama alikosea.

Mwezi Machi mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa. Nilikuja kumuuguza. Alimwita Albano mara mbili. Mara ya pili Albano alifika hadi lango la hospitali, akarudi. Padre alipoambiwa alinishika mkono, akasema, "Mwambie sikumnyima kwa kumchukia. Niliogopa. Na nikifa, udongo wa kwanza autie yeye." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Juni 1953, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha dada mmoja, Demetria, wapwa wawili, Albano na Marselino, na Wakristo wa Temeke na Kurasini.

Ujumbe wake nimeupeleka kwa Albano mwenyewe, mlangoni kwake. Alinisikiliza amesimama. Hadi karatasi hii inapigwa chapa hatujui kama atakuja. Tunawaomba ndugu, kaburini msiguse koleo, tutamngojea.

Ee Bwana, umpokee Padre Ansbert, umwondolee hofu, apumzike kwa amani.