Shangazi Zlatina na Asubuhi Aliyonyamaza

Marehemu Zlatina Petkova Karadzhova alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Rozovo, mtoto wa tatu wa wachuma mawaridi. Alikuwa mdadisi kupindukia. Akiwa na miaka sita, kwenye mazishi ya babu yake, alimuuliza padri kama maiti husikia baridi. Akatolewa nje.

Alisomea uuguzi Stara Zagora, akahitimu Juni 1972. Wodi iliyompokea ilikuwa na desturi: muuguzi asiyetimiza mwaka hasemi katika kikao cha asubuhi, husimama mlangoni tu. Kinachofuata sikutaka kukisoma mbele yenu, ila aliniusia, "Desi, ukikiruka nitafufuka nikuzabe kofi." Tarehe 9 Oktoba, mgonjwa Hristo Balabanov alimwambia kwamba penisilini humvimbisha koo. Kikaoni daktari akaagiza penisilini. Shangazi alisikia, akanyamaza. Mzee Hristo alifariki kabla ya adhuhuri.

Mwaka 1976 aliolewa na Dimo, dereva wa trekta, aliyemtangulia mwaka 2011.

Alipofanywa muuguzi mkuu mwaka 1986, aliamuru aliyeajiriwa mwisho ndiye aanze kusema. Madaktari walinung'unika.

"Dada Zlatina, kahawa inapoa!"

"Basi inywe baridi, daktari. Haya binti, umeona nini?"

Naye alitaka kujua kwelikweli.

Desemba 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi, akalazwa wodi ileile. Profesa alipomwandikia dawa ya maumivu, Yoana, muuguzi mwenye wiki tatu tu kazini, alisema mbele ya wote, "Samahani profesa, kwa figo hizi dawa hiyo itamuumiza." Profesa alisoma faili upya, akaifuta. Shangazi akawa analia. Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Wala siumwi. Hebu nyamaza nimsikilize mtoto."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Mei 2023. Ameacha watoto wawili, Stefka na Ivaylo, wajukuu watatu, na mimi mpwa wake.

Jana nilimpelekea Bi Penka, binti wa mzee Hristo, karatasi hii aione kwanza. Aliisoma mara mbili, akauliza, "Miaka hamsini tunasalimiana sokoni, mbona hakuniambia?" Leo amekuja, amekaa pale.

Kila marehemu wetu tunamwombea Mungu amsamehe, bila kujua amsamehe nini. Huyu tunajua. Mungu amsamehe shangazi yangu, ampe pumziko.