Mashine ya Mkanda na Mkono wa Shangazi Msasa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, pamoja na wote uliofuatana nao, majirani zetu wa gereji ya pembeni, na ninyi mliojibana mlangoni kwa kukosa viti: wanaostahili shikamoo tunawaamkia, na wengine habari za asubuhi.

Kwanza utuwie radhi. Anayetakiwa kusimama hapa si mimi. Mimi ni katibu wa kikundi, kazi yangu ni kutia mipini, na sijawahi kusoma mbele ya watu tangu niache shule. Nikikwama kusoma usidhani ni kukuogopa. Sisi sote humu tumepigwa na butwaa tangu asubuhi, na kila tukitazamana tunaona mwenzetu naye hajarudiwa na akili zake.

KARIBU

Karibu sana kwetu. Karakana yenyewe ndiyo hii. Kushoto kwako ni tanuri la Bwana Moto, fundi anayepasha chuma na kukigonga mpaka kipate umbo la kisu. Kulia ni meza yangu ya mipini. Hapo katikati, chini ya kitambaa na utepe, ipo mashine uliyokuja kuizindua. Kiti kilicho wazi mbele yako ni cha mwenyekiti wetu, ambaye mji mzima unamwita Shangazi Msasa. Msasa kwa ajili ya viganja vyake, na kwa ajili ya ulimi wake pia, maana ukimletea kazi ya ovyo atakusugua mpaka ung'ae. Kwangu mimi ni shangazi wa damu, dada yake baba. Tumeagizwa tukuambie ana homa. Hana homa.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza na tupa. Kila kisu tulikisugua kwa mkono mpaka bega linakufa ganzi, na bado makali yalipinda. Baadaye tukapata jiwe la duara, tukalifunga kwenye fremu ya baiskeli, mmoja anapiga pedali na mwingine ananoa. Kisu kikiharibika, wa pedali anamlaumu wa jiwe na wa jiwe anamlaumu wa pedali. Tulikuwa tunagombana kuliko tunavyofanya kazi.

Mashine ya kwanza ya mkanda aliiunda Shangazi, kwa mota ya mashine ya kufulia ambayo mwenye nayo alishaitupa. Kwa wasioijua, mkanda wa msasa unazungushwa na magurudumu, fundi anaegemeza kisu mbele yake, na msasa unakula chuma. Ile ya kwanza ilitetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na ukiikandamiza kidogo inazima. Watu wa gereji walitucheka sana. Visu vilitoka hivyo hivyo.

Tangu siku hizo tuna utaratibu mmoja ambao hauvunjwi humu ndani. Tunauita kuonja. Ukigusa mashine, hata kama umekaza skrubu tu, wewe uliyeigusa ndiye unayesaga kisu cha kwanza kabla ya kumpa mwenzako. Mpishi hapakui asichokionja, ndivyo Shangazi anavyotuambia. Mtu akisahau anafagia karakana peke yake, na hata yeye mwenyewe alishafagia.

MAFANIKIO

Mashine ya zamani tuliifungua yote tukaacha fremu tu. Tukaifungia mota yenye nguvu. Nyuma ya mkanda tukaweka bamba nene la chuma, ili kisu kikiegemea kisipate pa kubonyea. Tukaongeza kifaa cha kupandisha na kushusha kasi, kwa sababu chuma kikisagwa kwa pupa kinapata moto, kinageuka bluu, na kisu cha hivyo hakishiki makali tena hata ukikibembeleza. Gurudumu la juu Shangazi alilichonga kwa mkono wake. Katikati limetuna kidogo sana, kwa macho huoni, mpaka upitishe kidole. Ule mtuno ndio unaoushika mkanda usikimbilie pembeni. Alilichonga akaliharibu, akachonga jingine akaliharibu, mpaka tukamwambia basi, linatosha. Akatuuliza kama tunataka kisu au tunataka kulala.

Leo wauza nyama wa soko zima wanakata kwa visu vyetu. Mmoja alirudi kulalamika kwamba kisu kilimkata kabla hajajua kama kimeanza kukata. Tulimfunga kidole, tukalihesabu lalamiko lake kuwa sifa.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, katika risala iliyopitishwa na ofisi yako sehemu hii haipo. Afisa wako wa itifaki, huyo hapo nyuma yako anayenikazia macho, aliiondoa, akasema mgeni rasmi haletewi huzuni. Kwa hiyo naisoma kutoka kichwani, na kama nitakosea mpangilio mtanivumilia.

Jana jioni walikuja watu wa maandalizi na madebe ya rangi. Wakatuambia twende nyumbani tukapumzike, watatusaidia kupendezesha. Tukawashukuru. Asubuhi tulipofungua mlango tulikuta kila kitu kimepakwa rangi. Kuta sawa, viti sawa. Lakini walipaka nyundo. Walipaka fuawe, kile chuma ambacho Bwana Moto anagongea. Na mashine waliipaka yote, matundu ya mota ya kupitishia hewa, bamba, na magurudumu. Rangi nzito, imerudiwa, bado inanata. Bwana Moto alikaa chini sakafuni na nguo zake safi. Nani anapaka rangi gurudumu?

Tukataka kuisafisha. Afisa akakataa. Akatueleza kwamba mashine haiguswi na mtu kabla ya mgeni rasmi, kwamba utabonyeza swichi wewe na kusaga kisu cha kwanza wewe, na wapiga picha wameshapangiwa pa kusimama. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole ambao hatukuuzoea.

"Mwanangu, siwezi kumpa mgeni kitu ambacho sijakionja."

Akachukua chakuro, akakwangua magurudumu, akayafuta kwa petroli. Akawasha kwa kasi ndogo, mkanda ukakaa sawa. Tukapumua. Akapandisha kasi, akaegemeza kisu. Kumbe rangi ilikuwa imebaki pembeni mwa lile gurudumu la juu, na gurudumu lilipopata joto rangi ikalainika. Mkanda ukateleza upande, ukanasa kwenye fremu, ukakatika, na kisu kikanyakuliwa. Kilimwingia chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia kikatokea upande wa pili. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akatuambia tuzime mashine kwanza.

Mkono ule, Mheshimiwa, ulikuwa uwe wako.

Bwana Moto alimfunga kwa kitambaa akampakia kwenye pikipiki wakaenda hospitali. Sisi tuliobaki tukaambiwa na afisa tuoshe sakafu, tufunike mashine, na tuseme ana homa. Tukaosha. Tulikuwa tunatumwa tu, kama watu waliolala. Tulipomaliza tukakuta mkanda mpya umeshafungwa na hao watu wa maandalizi, na utepe umeshawekwa, na ngoja niseme wazi: waya wa umeme nimeuchomoa mimi. Tunakusihi usiibonyeze ile swichi hata kwa ajili ya picha.

Kikundi hiki kina wafuaji, kina watia mipini, kina wauzaji. Fundi wa kuaminika wa kusaga ni mmoja. Mkono wake wa kulia ndio tuliokuwa nao.

MAOMBI

Ombi letu la kwanza ni feni ya kuvuta vumbi la chuma, kwa sababu vumbi hilo likichanganyika na unga wa mbao za mipini, cheche moja inatosha kuunguza...

Samahani. Samahani, Mheshimiwa, nimeletewa simu. Ni Bwana Moto. Naomba nimsikilize, huyu si mtu wa kupiga simu.

Naomba niseme kama alivyosema yeye.

Shangazi yuko kwenye benchi, ukumbini hospitali. Hajaguswa na mtu. Kitambaa cha kwanza kimeloa, cha pili kimeloa, sasa amefungwa shati la Bwana Moto. Kidole gumba akiambiwa akikunje hakikunjiki, na vidole vingine vimeanza kuwa baridi. Chumba cha kushonea kipo mbele yake, anakiona. Kimefungwa. Kimepigwa deki, kimepakwa rangi, kimewekewa utepe mlangoni, kwa sababu ukitoka kwetu unakwenda kukifungua. Madaktari na wauguzi wamepangwa mstari getini na makoti yaliyopigwa pasi. Bwana Moto amewaomba. Bwana Moto, ambaye hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti, amepiga magoti. Wamemhurumia, tunasema kweli, muuguzi mmoja analia. Lakini jibu walilopewa na wakubwa wao ni moja.

"Hakuna anayeingia kabla ya mgeni rasmi."

Asubuhi neno hilo tuliambiwa humu humu kuhusu mashine. Tulidhani ni letu peke yetu. Hatukujua kwamba limetangulia mpaka hospitali. Tumeduwaa, Mheshimiwa. Hasira tungejua pa kuipeleka. Hii hatujui tuipeleke wapi.

Hatudhani kwamba ni wewe uliyesema mgonjwa asubiri. Tunakutazama usoni sasa hivi na tunaona nawe ndiyo kwanza unasikia. Basi maombi mengine yote tunayafuta. Feni tunaifuta. Umeme usiokatika, barabara ya kuingilia, cheti cha kikundi, vyote vifutwe, na wenzangu hapa wanatikisa vichwa kukubali. Picha tusipige. Zawadi yako ya kisu utaikuta siku yoyote ukipita. Kwenda huko kwa gari kunachukua muda, na msafara wako ni mrefu, na kidole hakisubiri msafara.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Umekuja. Simu hii hapa, haijakatwa, na Bwana Moto amesimama bega kwa bega na mwenye ufunguo. Tunakuomba ushike simu hii umwambie afungue.

Mungu akujalie afya wewe na nyumba yako, akulinde mikono yako yote miwili, na akulipe kwa neno utakalosema sasa.

Ni sisi, Kikundi cha Mafundi Visu Tunoe Pamoja.

Sema kwa nguvu kidogo, Mheshimiwa. Kule getini bendi inapiga, wanafanya mazoezi ya kukupokea.